Pengo Liko Upande wa Shule

Kila alipopiga picha, ya kitu chochote kile, Mama Mdogo alisema kwanza, "Vuta pumzi. Zuia hapo hapo." Akibonyeza, alimalizia, "Haya, pumua." Aliuambia mlima hivyo, aliiambia miti hivyo, na siku moja nilimsikia akiliambia bwawa lililotulia tuli. Alikuwa mpiga eksirei wa hospitali kwa miaka thelathini na moja. Maneno hayo alikuwa ameyasema mbele ya vifua vya watu wengi mno, hata kidole chake kikawa hakibonyezi bila kuyasikia. Hospitalini walimwita Mama Pumzi. Aliitika.

Siku za kazi alipiga mifupa. Siku za mapumziko alipanda basi la alfajiri akaenda kupiga milima, mashamba na mawingu. Mama yangu, ambaye ndiye dada yake mkubwa, hakuacha kumtania.

"Binadamu unampiga picha umeshamvua nguo mpaka nyama, lakini jiwe unalingoja lipendeze!"

"Jiwe halinibishii, dada."

"Na wala halikulipi."

"Basi mko sawa, wewe na jiwe."

Walikuwa hivyo tangu nipate akili. Hawakuwahi kuambiana jambo jema waziwazi. Kama kulikuwa na jema, lilipita katikati ya kejeli, na mwenye kulipokea alijua namna ya kulichambua.

Mama alipoanza kukohoa, aliyempiga picha ya kifua ni mdogo wake. Yeye ndiye aliyeliona lile doa mwanzo. Aliitundika ile filamu kwenye sanduku la taa, akaitazama, kisha akatoka nje tulikokuwa tumekaa akamwambia dada yake ajifunike vizuri, kuna baridi, daktari atamweleza. Daktari alieleza baada ya siku mbili. Alisema miezi mitatu, ikizidi sana minne. Nakumbuka nilikuwa natazama kalamu mfukoni mwake. Wino ulikuwa umevuja ukafanya duara dogo la bluu kwenye koti.

Tulimweka Mama nyumbani kwangu, chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani. Ukuta haukupakwa rangi. Siku moja nilipokuwa nambadilishia shuka, Mama Mdogo akiwa ameshika upande wa pili, Mama alisema kama mtu anayeongea na huo ukuta, "Ningeuona mlima wetu mara moja tu, ningekuwa sina ninachodai."

Mlima wa walikozaliwa ulikuwa mwendo wa saa nne kwa basi, na Mama hakuweza kukaa kitako hata kwa nusu saa. Picha yake hatukuwa nayo. Mama Mdogo alikuwa amepiga kila kilima kinachofikika, lakini ule hakuwahi kuupiga. Alikuwa akisema upo tu, hauendi popote.

"Nitakuletea," alisema.

"Utaubeba mgongoni?"

"Nitauleta mzima mzima, na shule yake chini."

"Haraka basi, Mama Pumzi. Mimi zangu zinahesabika."

Hakuna aliyecheka, ila wote watatu tulitabasamu kidogo, kwa adabu.

Msimu ule hali ya hewa haikueleweka. Asubuhi jua, saa nne mvua, saa sita ukungu mzito hata mtu haoni kiatu chake, jioni jua tena wakati basi la kurudi limeshapiga honi. Mama Mdogo alisimama kila mara mahali pamoja, kwenye kona ya barabara ya zamani, ambako mlima unaonekana wote, kuanzia shule iliyo upande mmoja, chini ya pengo la kileleni, mpaka msitu ulio upande wa pili. Kamera yake ilikuwa ya mkanda. Aliikinga na mfuko wa mkate aliokuwa ameutoboa tundu la lenzi. Yeye mwenyewe alilowa. Mara ya kwanza aliambulia patupu. Mara ya pili alipata nusu ya chini ya mlima. Mara ya tatu upepo ulimwangushia kamera na miguu yake mitatu, akashinda anafuta tope. Kila akirudi aliandika nyuma ya fomu za zamani za eksirei, kwa mwandiko wake wa kazini: *Mlima. Hakutulia. Rudia.*

Mama alikuwa akizitazama zile za ukungu hata hivyo.

"Hii ni nini?"

"Huo ndio mlima, dada. Uko nyuma ya hayo."

"Ukungu ninao wa kutosha humu kichwani. Ungebaki ukalala."

Lakini alipoondoka, Mama aliniuliza leo nje kukoje. Alianza kuuliza kila siku. Nilikuwa nachungulia dirishani, naona kipande cha mbingu juu ya ukuta, namwambia. Wiki ya tisa aliacha kula. Nilimpigia simu Mama Mdogo nikamwambia kama anakwenda, aende. Akasema ameshaomba ruhusa kazini.

Safari ya saba mbingu ilifunguka kwa dakika kama nne. Alipiga picha tatu. Kisha mvua ikaanza, akaficha kamera kifuani ndani ya koti, akaja nayo hivyo mpaka mjini, bila kuifungua mbele ya mtu.

Mjini kulikuwa na fundi mmoja tu aliyekuwa bado anasafisha picha za mkanda. Alimwachia Mama Mdogo chumba cha giza na mashine ya kukuzia afanye mwenyewe, maana alimwamini kuliko alivyojiamini. Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Kwa miaka thelathini na moja Mama Mdogo alikuwa ameshika filamu za eksirei, ambazo unaweza kuzitazama kwa upande wowote, na kinachokwambia kushoto na kulia ni herufi ndogo ya madini ya risasi iliyobandikwa pembeni kabla ya kupiga. Mkono wake ulikuwa umezoea kuitafuta ile herufi. Mlima haukuwa na herufi. Aliuweka ule mkanda mdogo kwenye mashine huku ukitazama upande usio wake, akausogeza mpaka ukatulia, akatoa picha kubwa ya upana wa meza, nyeusi na nyeupe, kali kama iliyochongwa.

Aliileta Alhamisi saa tisa alasiri. Nilimwinua Mama na mito mitatu. Mama Mdogo aliisimamisha picha juu ya kiti, akarudi nyuma, akakunja mikono.

Mama alitazama muda mrefu. Midomo yake ilikuwa imekauka, nikaipaka mafuta.

"Mzuri," alisema mwishowe. "Wa wapi huu?"

"Dada. Ni wetu huu."

"Si wetu. Pengo la wetu liko upande wa shule. Hili liko upande wa msitu." Akafumba macho. "Mzuri, lakini si wetu."

Nilidhani ni dawa. Nilimgeukia Mama Mdogo ili nimkonyeze, nikaona uso wake. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama anavyofanya mbele ya sanduku la taa.

"Nimeugeuza," alisema. "Ee Mungu wangu, nimeugeuza."

"Si kitu," nilimwambia. "Kaa kwanza. Kaa naye."

"Kazi ya nusu saa tu."

Alikuwa hasemezeki. Alichukua mkanda, akaacha picha pale juu ya kiti, akatoka bila mwavuli. Kwa fundi alikuta umeme umekatika. Alikaa kibarazani mpaka fundi alipofunga duka, akarudi kwake kulala, na Ijumaa alikuwa mlangoni pale kabla ya fundi mwenyewe.

Alhamisi ile ile, kama robo saa baada ya yeye kutoka, Mama alifumbua macho.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Mbishi huyu. Lete kioo."

Nilitoa cha kwenye mkoba wangu. Aliniambia nikishike karibu na uso wake, niugeuze uso wa kioo kuelekea kwenye picha. Nikakishika. Akaniambia chini kidogo, kushoto, hapo, usitikise. Tulikwenda hivyo kipande kipande. Shule. Pengo. Njia ya kuchotea maji. Sikuwa naona anachokiona. Nilikuwa naona sikio lake na mshipa wa shingoni.

"Huo hapo," alisema. "Ndio wenyewe."

Alifariki Ijumaa saa nne na nusu asubuhi. Mama Mdogo alifika saa sita, akiwa na bahasha kubwa ya kahawia, zile wanazotilia picha za eksirei. Majirani walikuwa wameshaingia. Alisimama mlangoni akawatazama, akaielewa hali, akaiweka bahasha juu ya kabati.

Jioni, watu walipopungua, aliniuliza, "Alisema chochote baada yangu?"

"Alilala," nilisema.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda nilitaka abaki bila kitu, kwa sababu nilimwambia akae na hakukaa. Labda nilikuwa nimechoka na sentensi fupi ndiyo iliyokuwa karibu.

Alistaafu. Hakuacha kwenda kwenye ile kona. Aliniletea picha za mlima ule kila msimu, ukiwa na mvua, ukiwa na jua, ukiwa haupo, na nyuma ya kila moja aliandika kwa kalamu ya risasi *kushoto* na *kulia*. Nilizipokea, nikazitia kwenye droo. Hatukumzungumzia Mama. Tulizungumzia bei ya mikanda, na fundi aliyeamua kufunga duka. Ikapita miaka sita hivyo.

Mama Mdogo alifariki mwezi wa tatu mwaka jana, moyo ulisimama akiwa nyumbani kwake. Wiki mbili kabla nilikuwa nimepita kumsalimia. Alikuwa anakunja nguo sebuleni, nami nilikuwa nimekaa mkabala naye, namsaidia kuoanisha soksi. Sikuwa nimepanga. Nilimweleza yote: kioo, shule, pengo, njia ya maji, "huo hapo". Nilimwambia pia kwamba nilimficha.

Aliendelea kukunja mpaka akamaliza shati alilokuwa nalo. Hakunikasirikia. Hata sauti haikubadilika.

"Kioo kipi?"

"Cha mkoba wangu."

"Kikubwa kiasi gani?"

Nilimwonyesha kiganja changu. Alikishika, akakigeuza, akakipima kwa macho, akakirudisha mapajani mwangu.

"Basi hakuuona wote," alisema.