Mshale wa Kibla Sebuleni kwa Mama

Kazi yangu huku Mbeya ni kuandika programu za simu, na safari hiyo nilikuwa natengeneza ya kuonyesha kibla. Ndani ya simu mna vihisi vidogo: kimoja kinajua simu imelala au imesimama, kingine kinajua imegeuzwa kiasi gani, cha tatu kinanusa sumaku ya dunia. Kazi ni kuvipatanisha vyote vikupe mshale mmoja. Niliona nimeshavipatanisha, nikaenda Iringa kumtambia mama.

Sebuleni kwake Kihesa niliweka simu juu ya msala. Mshale ukaonyesha mlangoni. Msala wenyewe ulielekea dirishani, kama baba alivyouelekeza enzi za uhai wake.

"Labda marehemu alikosea kidogo," nikasema, kwa kimbelembele changu.

Mama aliukazia macho ule mshale. "Swala zangu Mungu anaijua nia," akasema taratibu. "Lakini baba yako yuko hapo nyuma ya nyumba, tumemlaza kwa ubavu, uso ukielekea upande huu huu wa dirisha. Msala nitaugeuza. Yeye nitamgeuzaje?"

Mdomo ulikuwa umeniponza. Nikaiokota simu, na hapo mshale ukasogea wakati mimi sijageuka hata kidogo. Hilo likanikera, kisha likanivuta. Nikaanza kuizungusha simu hewani kama anayechora tarakimu ya nane, maana ndivyo kihisi cha sumaku kinavyowekwa sawa.

"Unafukuza nzi?" mama akauliza.

Nikasogea dirishani, nikarudi, nikainama. Kila nilipokaribia kona ya mlango mshale ulivutwa huko kama mbuzi aliyeona chumvi. Kwenye kona hiyo, hatua moja tu kutoka kwenye msala, ilikaa sabufa niliyomnunulia mwenyewe asikilizie mawaidha. Spika ya sabufa ina sumaku kubwa.

"Twende nje," nikamwambia.

Niliogopa, sifichi. Pale kaburini kusingekuwa na sabufa ya kusingizia. Mama alifuata nyuma yangu akijifunga ushungi, tukapita miparachichi, nikasimama pembeni ya baba na kuilaza simu kiganjani.

Mshale ulitikisika, ukatulia. Ulilikata kaburi kutoka ubavu hadi ubavu, ukaelekea upande ule ule wa dirisha.

Mama akaniegemea begani, akatazama mpaka akaridhika. Alipoongea hakuongea na mimi.

"Baba watoto," akasema, "umelala sawa. Aliyepotea ni mwanao."