Mgowe wa Togwa

Siku ile shambani tulikuwepo mimi, wadogo zangu watatu, baba yetu mkubwa, mzee mmoja wa kanisa, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mkewe, na ndugu zao waliokuja na majembe begani. Mchungaji hakuwepo. Alikuwa amepanda lori kwenda mkutanoni Mbeya, akaniachia usharika wote, kuanzia kengele hadi wagonjwa.

Nilikuwa mwinjilisti, ingawa huko kwetu vilimani Iringa watu waliniita Mwalimu. Shule niliiacha darasa la nne, mama alipomfuata baba kaburini, kwa kuwa wadogo zangu hawakuwa na mwingine wa kuwapikia uji. Kanisa lilinipa shati jeupe na heshima. Chakula kilitoka shambani. Mwaka ule, kati ya mafundisho ya ubatizo na mazishi, mawingu yalianza kukusanyika na shamba halijaguswa. Baba mkubwa alikwisha kuniambia wazi kwamba nisipopanda na mvua za kwanza, atawagawa watoto: mmoja Idodi kwa shangazi, mmoja kwa mjomba, mdogo kabisa kwake.

Ndiyo maana niliita mgowe, siku ya kulimiana. Leo wanakuja kwako, siku nyingine unakwenda kwao. Mwenye shamba hupika pombe ya ulezi, naye ndiye anayeongoza mstari. Akitoka, wote huweka majembe chini. Pombe mimi sikuweza kupika. Nilipika togwa, kinywaji kisicholevya.

Jirani, ambaye hakuwa Mkristo wala hakuwa na mpango huo, alionja akatazama ndani ya kibuyu.

"Mwalimu, hii ni ya kulimia au ya kumwachisha mtoto ziwa?"

"Kunywa ulime," mkewe akamwambia. "Ukinywa ile yako matuta yako yanakwenda kama njia ya nyoka."

Walicheka, wakalima. Jua lilikuwa halijapanda sana alipofika mwanamke mmoja akihema. Bibi yake, mwanafunzi wangu wa ubatizo kule juu mlimani, alikuwa amezidiwa, akaomba abatizwe kabla hajafa.

Mstari wote ulisimama.

"Mwalimu, hiyo ni roho," akasema mzee wa kanisa.

"Na hawa ni matumbo," akasema baba mkubwa, akiwaonyesha wadogo zangu kwa fimbo.

Nilijaribu kuomba palepale nimesimama. Kilichonijia ni mbegu za maharage, kama zingetosha. Nikajaribu tena, zikaja tena.

"Lete jembe lako," jirani akasema.

"La nini?"

"Likiwa mbele, wewe umo. Nitalishika mimi."

"Desturi inakubali?"

"Sijui. Hakuna aliyewahi kuuliza. Nenda kabla hawajaanza kufikiri."

Nikaenda, mara nikikimbia, mara nikisimama na kugeuka kutazama bondeni. Nilimkuta bibi ameketi, anakunywa uji.

"Nilidhani nakufa," akasema. "Sasa sijui."

Ubatizo wa dharura niliruhusiwa kuutoa, lakini je, dharura ilikuwa bado ipo? Mafundisho alikuwa hajamaliza. Bibi aliniona nimeduwaa akanionea huruma.

"Umetoka mbali, mwanangu. Nibatize, usirudi bure."

Nikambatiza. Mpaka leo sijui kama nilimbatiza kwa sababu ya roho yake au ya mwendo wangu.

Niliporudi shamba lilikuwa limelimwa hadi mpakani, na jirani alikuwa anafuta jembe langu kwa majani. Baba mkubwa alichukua fimbo yake akaondoka. Habari ya kuwagawa watoto haikusemwa tena.

Siku chache baadaye jirani alikuja kuniita kwenye mgowe wake. Mkewe alikuwa amepika pombe. Mzee wa kanisa aliposikia alinijia nyumbani: mwinjilisti haonekani penye pombe. Mchungaji alikuwa amerudi, nikamwendea.

"Kulimiwa ni deni," akasema. "Na penye pombe usiende."

"Sasa nifanye nini, Baba Mchungaji?"

"Mbeya tulizungumza mengi," akasema. "Hilo halikutajwa."

Nikavuka kijito, nikamwomba jirani nije siku moja baada ya mgowe wake, peke yangu, nilime kutwa.

"Huo ni ukibarua," akasema. "Mimi nilikuwa kibarua wako?"

"Basi nije mgowe, nitoke mkianza kunywa."

"Tunaanza asubuhi."

"Pika togwa."

"Ndugu zangu wanywe togwa mara mbili mwaka mmoja? Watanihama, Mwalimu." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nilishika jembe lako mbele ya watu. Wewe unataka kushika langu wasipokuwepo."

Siku yao ilipofika nilikuwa nafundisha darasa la ubatizo, na nyimbo zao zilisikika wazi kutoka ng'ambo. Nilikuwa nimemtuma mdogo wangu wa kike aende na jembe badala yangu. Kabla ya mchana alirudi, mikono safi, amebeba bakuli la kande alilopewa na mke wa jirani.

"Jirani amesema hakunilimia mimi," akaniambia. "Alikulimia wewe."

Tulikula kande hizo jioni, sote wanne. Maharage yetu yalikuwa yameanza kuota. Ile siku yangu ya jembe kule ng'ambo sijailipa.