Mama mkwe alinipata nikitambaa nyuma ya nyumba

Wakuu, mko? Hii ni ya ukweli. Anayebisha aulize mke wangu, yuko hapa anasoma nikiandika.

Ilikuwa nineties, Muhuru Bay. Kazi yangu ilikuwa kubeba magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka ufuoni hadi kwa lori. Siku moja nikainama na sikuinuka. Sasa nikabebwa mimi.

Hospitalini Homa Bay, mama wa physio akaniambia kulala tu kitandani kutanimaliza. Akanipa exercise: piga magoti, weka mikono chini, pandisha mgongo, shusha, tambaa kidogo. Kila asubuhi.

Niliona aibu, so nikawa nafanya alfajiri nyuma ya nyumba, bila shati.

Huku kwetu Wajaluo, mtu mzima akionekana anatambaa gizani, hakuna anayeuliza mambo ya mgongo. Anaitwa jajuok, yule mchawi wa kukimbia usiku. Hiyo story ikafika Migori kwa mama mkwe kabla sijapona.

Akaja kumchukua binti yake. Alilala kwa jirani, maana mila haimruhusu kulala kwangu. Alfajiri akazunguka nyuma ya nyumba, akanipata nimepiga magoti, mgongo juu.

Mama mkwe hata kula mbele yake huwa hatuli. Akageuka, akaingia ndani. Nilimpenda sana mke wangu, na nilijua anaenda.

Nikamsikia mke akimweleza mambo ya hospitali. Halafu mke akaniita kupitia ukuta.

"Mama anauliza, hiyo inasaidia mtu ameinama na jembe miaka yote?"

"Mwambie inasaidia."

"Anasema ufanye hapo nje ukisema unavyofanya. Asikuone, na wewe usimwone."

Basi mimi nje, yeye ndani, ukuta wa udongo katikati. Nikisema pandisha mgongo, mke anarudia pandisha mgongo, kama mama hajasikia. Tulitambaa hadi jua likatoka.

Mwishowe mke akasema, "Mama anasema kuna kitu kimeachia."

Akanywa chai, akarudi Migori peke yake.

Funzo: mgongo ukiuma, muone daktari, halafu usogeze, usiulaze. Na ufanye mchana, majirani wakuone vizuri.

Wenye migongo, leteni yenu hapa chini.

Mama mkwe hiyo ya mchana hakuitaka. Baadaye tukasikia kwao wanasema yeye ndiye jajuok. Hakuacha.