Pole ya Wakesho

Mwaka 2009 Wakesho, Mtaita wa Voi, alipata kazi ya kuhudumia wazee katika makao fulani huko Koekelberg, Brussels. Kiingereza chake kizuri hakikumfaa kitu. Wote pale waliongea Kifaransa, naye alijibu kila jambo kwa tabasamu na “oui, madame”, ndiyo bibi. Siku nzima ilipita hajasema sentensi kamili.

Asubuhi moja alikuwa akimchana nywele Bibi Odette. Mzee yule alimshika mkono, akaongea kwa muda mrefu.

“Oui, madame. Très bien,” Wakesho akatabasamu.

Bibi akauachia mkono, akageukia dirisha.

Alphonsine, mfanyakazi mwenzake kutoka Lubumbashi, aliyekuwa akitandika kitanda, akamvuta kando. “Mais dada, ule maman anakuambia mutoto wake amekufa, na weye unasema ni vizuri?”

Wakesho aliomba afundishwe kutoa pole, akarudia maneno mara tatu, kisha akapiga magoti kando ya kiti.

“Je suis désolée.”

Bibi Odette hakugeuka. Wakesho akabaki pale pale, akaendelea kumpa pole kwa Kitaita, kama mama yake angefanya, mpaka kengele ya chumba kingine ikamwita.