Aikaeli, mpima maziwa wa Mwika asiyeamini tena vikombe safi

Ukungu haujatoka migombani, saa moja asubuhi haijafika, na mzee Sirili Ngowi tayari amekasirika.

Amesimama kwenye dirisha la kituo cha kukusanyia maziwa hapa Mwika, keni ya lita sita mkononi, akitazama kibao cha plastiki chenye vikombe vinne alichokishika Aikaeli Massawe. Aikaeli ametia maziwa kidogo kwenye kikombe kimoja, akaongeza dawa ya rangi ya zambarau, na sasa anakizungusha polepole. Maziwa yanaanza kuvutana. Yanakuwa uji, kisha ute kama wa bamia.

"Mzee, haya siwezi kuyapokea," anasema.

"Mama Kindness, ng'ombe anakula. Anacheua. Jana nimemletea mabua kutoka Kahe, kamaliza yote. Na maziwa si haya, meupe? Huo uji umetoka wapi?"

Aikaeli amejibu swali hilo mara nyingi kuliko salamu. Hata hivyo analijibu tena, kwa sababu Sirili ni mtu mzima na nyuma yake kuna watu kumi na wawili wanaosikiliza.

"Kwenye damu kuna seli nyeupe. Zinazaliwa kwenye uboho, ule tunaoufyonza kwenye mifupa ya supu. Bakteria wakiingia kwenye kiwele kupitia tundu la chuchu, hizo seli zinatoka kwenye damu, zinawafuata hukohuko na kuwameza. Ni askari. Dawa hii inawapasua, na wakipasuka, vya ndani yao vinavutana. Uji ukiwa mzito, ujue askari ni wengi."

Sirili anafikiri kidogo. "Kwa hiyo askari wamekuja kunilinda, halafu wewe unanifukuza mimi?"

Foleni inacheka. Aikaeli naye anacheka, lakini keni haipokei. Anamwahidi kupita mchana kupima chuchu moja moja. Sirili anaondoka akinung'unika kwa Kichagga maneno ambayo hakuna aliyekubali kumtafsiria mwandishi wa makala haya.

Aikaeli ana miaka arobaini na tatu na watoto watatu, Kindness akiwa wa kwanza. Zamani alikuwa akiuza ndizi Pasua, mjini Moshi, hadi mgongo ulipomshinda. Miaka kumi na moja iliyopita kikundi cha wafugaji kilimpeleka kwenye mafunzo ya siku tatu, akarudi na kibao, chupa ya dawa na koti jeupe. Leo analipwa shilingi laki moja na themanini kwa mwezi. Asubuhi anapokea maziwa ya wafugaji sitini na wawili. Mchana anapanda na kushuka vihamba, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, kwa miguu akipima ng'ombe wanaotiliwa shaka.

"Watu wanaona kazi yangu ni kuzungusha maziwa tu," anasema akiosha kibao. "Mimi nilidhani naielewa. Sasa ni mwaka wa tatu sijui kama naielewa."

Anasema hivyo bila kutania. Kilichomchanganya ni ng'ombe wawili, ndani ya mwezi mmoja, msimu wa masika, miaka miwili na nusu iliyopita.

Ng'ombe wa kwanza alikuwa wa Sirili huyuhuyu. Kibao kilionyesha uji mzito kwenye chuchu ya nyuma kushoto, kwa wiki tatu mfululizo. Sirili alimwaga maziwa hadi akachoka. Mwishowe Aikaeli alijaza kichupa akakishusha mwenyewe maabara, Moshi. Jibu lilipotoka alilisoma mara mbili akiwa amesimama barabarani. Kwenye sampuli ile hakukuota bakteria hata mmoja.

"Nikauliza, sasa uji wa nini? Wakaniambia ng'ombe amejiponya. Adui kaisha, ila askari hawajarudi kambini. Mimi wiki tatu namwambia mzee wa watu ng'ombe wake anaumwa, kumbe ameshinda vita. Niliona aibu, nikapita njia ya juu nisikutane naye."

Ng'ombe wa pili aliitwa Krismasi, kwa sababu alizaliwa wiki ile watoto wa mjini wanaporudi nyumbani. Alikuwa wa Bibi Eunike Lyimo, mjane wa miaka sabini na nne, ambaye kihamba chake kiko hatua mia mbili kutoka kwa Aikaeli. Hakuwa na ng'ombe mwingine. Maziwa ya Krismasi ndiyo yaliyokuwa yakilea wajukuu wawili, na samadi yake ndiyo iliyokuwa ikilea kahawa na migomba.

Krismasi alizaa Ijumaa Kuu, ndama jike, naye akaitwa Pasaka. Siku tano ndama alinyonya dang'a, maziwa yale mazito ya njano ya mwanzo. Siku ya tano jioni, mvua ikinyesha na banda limejaa tope, Aikaeli alikwenda kupima ili kesho yake maziwa yaanze kupelekwa kituoni.

Vikombe vyote vinne vilikuwa vyepesi kama maji ya mfereji. Havikuvutana hata kidogo.

Anakumbuka maneno yote waliyosemezana. Alisema, "Safi kabisa, bibi. Kesho ulete." Bibi Eunike hakufurahi. Alikuwa ameshika sikio la ng'ombe. Akasema, "Hajamaliza majani leo. Na masikio yake ni ya baridi." Aikaeli akamjibu kwamba ni mvua.

"Nilimwonyesha kibao. Nikamwambia, bibi, si unaona mwenyewe? Akakitazama, akanyamaza. Mtu mzima, ameishi na ng'ombe miaka sitini, ananyamazishwa na plastiki."

Asubuhi Krismasi alikuwa amelala hawezi kuinuka. Kiwele kilikuwa kigumu, na kilichotoka kwenye chuchu kilikuwa maji ya njano. Daktari wa mifugo alifika na sindano saa tatu. Kabla ya saa sita mchana ng'ombe alikuwa amekufa.

Bibi Eunike hakumgombeza mtu. Aliacha tu kuitikia Aikaeli alipobisha hodi. Kituoni watu walianza kusema kibao cha Mama Kindness kinakataa ng'ombe wazima na kupitisha wanaokufa, na Aikaeli anakiri kwamba ndivyo ilivyokuwa.

"Nilichanganyikiwa. Mwenye uji mzito amepona. Mwenye vikombe safi amekufa. Basi mimi napima nini?"

Swali hilo alimpelekea Ronald Temu, yule daktari wa mifugo. Ronald ni kijana mpole anayechora kila kitu, na alimchorea kiwele nyuma ya kalenda ya kanisa. Mwandishi alimwomba arudie maelezo yale, akayarudia, na mwandishi akapotea njiani mara mbili.

Kwa maneno ya Ronald, ndani ya kiwele kuna walinzi wachache wa zamu wanaoishi humo siku zote. Wakigusana na bakteria, wanatoa kemikali ya kuita wenzao. Wenzao wako kwenye damu. Wanaitika kwa maelfu, wanajipenyeza kwenye kuta za mishipa, wanameza bakteria, nao wanafia hapohapo. Usaha ni maiti zao.

"Sasa, ng'ombe aliyetoka kuzaa ana shida yake," anasema Ronald. "Uboho unakuwa umetoa askari wengi wachanga, hawajakomaa. Wanaitwa, wanakwenda polepole. Na kuna bakteria wa kwenye kinyesi, masika yale, tope lile, anaongezeka haraka na sumu yake ni kali. Jioni ile Mama Kindness alipopima, inawezekana adui alishaingia, askari bado wako njiani."

Kisha akamwambia jambo ambalo Aikaeli analirudia mpaka leo kila anapofungua chupa ya dawa: kibao hakimwoni adui. Kinaona askari tu.

Kwa miaka minane alikuwa akiwaambia watu kwamba kikombe safi ni ng'ombe salama. Sasa alijua kwamba kikombe safi ni kikombe kisicho na askari, na askari wanaweza kukosekana kwa sababu ya amani au kwa sababu ya kuchelewa. Kwa macho, hivyo viwili havina tofauti.

"Na kama ningemsikiliza bibi? Kama ningekuita jioni ileile?" alimuuliza Ronald.

"Labda angepona. Labda asingepona. Siwezi kukuapia, dada."

Aikaeli anasema jibu hilo lilimuumiza kuliko lawama, kwa kuwa hakupata pa kuliweka. Mpaka leo hajapata.

Wiki tatu baada ya Krismasi kuzikwa, alikata kitawi cha isale, mmea wa majani marefu, kwenye mpaka wa kihamba chake, akafunga fundo, akaenda nalo kwa Bibi Eunike. Kwa Wachagga, anayekuja na jani hilo kuomba radhi hakataliwi. Alilijua hilo, na anakiri ndiyo maana alilibeba. Alihofia kwamba akienda mikono mitupu mlango hautafunguliwa.

Mlango ulifunguliwa. Bibi Eunike alilitazama jani bila kulipokea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unaniomba radhi ya nini? Ya kibao, au ya masikio?"

Aikaeli alikuwa amejiandaa kueleza walinzi wa zamu, uboho na askari wachanga. Kalenda ya Ronald alikuwa nayo, ameikunja kwapani. Hakuifungua.

"Ya masikio, bibi," alijibu.

Ndipo jani likapokewa. Bibi Eunike alilichomeka ardhini kando ya banda, na kwa kuwa isale haifi kirahisi, leo limefika kiunoni.

Tangu siku hiyo Aikaeli ana utaratibu wake, na haufanani na ule wa mafunzo ya siku tatu. Akiingia bandani anaanza kwa kumuuliza mwenye ng'ombe ameona nini. Kisha anashika masikio, kwa kuwa ya ng'ombe mzima huwa ya moto na ya anayezidiwa hupoa, anaweka kipimajoto, anapapasa kiwele. Kibao kinatoka mwisho. Kazi ya dakika tano sasa inachukua nusu saa, na wapo wafugaji wanaomsema kwamba amezeeka. Lakini wanamwita.

Mchana mwandishi anamfuata kwa Sirili. Ng'ombe hana homa, masikio ni ya moto, chuchu moja tu ndiyo yenye uji. Anaumwa, anapona, au ameshapona? Aikaeli anatikisa kichwa. Anajaza kichupa cha kupeleka Moshi na kumwambia Sirili kwa utaratibu kwamba hajui.

"Angalau leo umesema hujui," anajibu Sirili, na kumpa mkungu mdogo wa ndizi za kupikia supu ya mtori.

Kutoka hapo anashuka kwa Bibi Eunike, kwa sababu Pasaka, yule ndama wa Ijumaa Kuu, sasa ni mtamba mwenye mimba na zimebaki wiki mbili azae. Ni mnene, ana doa jeupe usoni kama la mama yake, na anamlamba kila mtu mkono. Bibi Eunike amemfagilia banda na kutandika majani makavu ya migomba mapema kabisa.

Bibi Eunike ana maelezo yake kuhusu kifo cha Krismasi. "Alimpa huyu askari wake wote," anasema, mkono ukiwa mgongoni kwa Pasaka. "Siku tano alimnyonyesha dang'a. Mtoto akapata ulinzi, mama akabaki mtupu."

Mwandishi alimuuliza Ronald kama hilo ni kweli. Ronald alikuna kichwa. Alisema dang'a ina kinga nyingi, lakini nyingi si askari wenyewe, ni kama silaha walizoziacha. Na udhaifu wa ng'ombe baada ya kuzaa una sababu zaidi ya moja. "Sivyo hasa," alisema. "Lakini bibi hayuko mbali."

Aikaeli hajaribu kuamua nani yuko sahihi. Ana mipango yake. Anataka kikundi kinunue hadubini ndogo ili sampuli zisisubiri kushushwa Moshi, na anataka arudi mafunzoni, safari hii kwa miezi, akaulize maswali ambayo zamani hakujua kama yapo. Lakini la kwanza ni Pasaka. Ameshaomba mtu wa kumshikia dirisha la kituo kwa wiki nzima baada ya Pasaka kuzaa. Atapima joto asubuhi, mchana na jioni.

Na siku ya tano, vikombe vyote vinne vikiwa safi, atafurahi?

Aikaeli anamwachia Pasaka kiwiko akilambe.

"Sijui," anasema. "Zamani ningefurahi. Sasa nadhani ndipo nitaogopa zaidi. Na vikiwa na uji nitaogopa vilevile. Sijui, kwa kweli."

Bibi Eunike, aliyekuwa ameinama akipanga majani, anainuka taratibu. Anamshika Aikaeli mkono, anaupeleka kwenye sikio la Pasaka na kuuacha hapo.

"Ogopa tu," anamwambia. "Askari wa Krismasi walichelewa. Wewe usichelewe."

Sikio ni la moto. Aikaeli haondoi mkono.