Mguu wa Wifi

Mtaani walimwita Bi Lehemu, na jina hilo hakulichukia, maana jina lolote ni afadhali kuliko kutoitwa. Chumba chake kilikuwa cha mbele, dirisha likitazama kibanda cha fundi viatu, na aliyepita barabarani aliweza kumwona ameinama mezani, miwani imemteremkia puani, moshi mwembamba ukimpanda usoni. Watu walidhani anatengeneza redio. Nani angedhani vinginevyo? Mwanamke wa miaka sitini na ushei, mjane, asiye na mtoto wala mjukuu wa kumsumbua, alikuwa anatengeneza kaseti za gemu.

Ni zile kaseti za plastiki, nene kama kipande cha sabuni, zilizochomekwa kwenye mashine za michezo ya runinga enzi ambazo wenye vipara wa leo walikuwa watoto. Mashine zenyewe zipo bado, zimelala juu ya makabati na vumbi lake. Kaseti ndizo zilizopotea: zikaazimwa zisirudi, zikakanyagwa, zikatupwa na akina mama waliochoshwa na kelele. Sasa wale watoto ni watu wazima wenye mishahara na huzuni zao, na wanazitaka tena.

Mwenye duka moja la vitu vikuukuu, ambaye kila mtu alimwita Zamani, ndiye aliyemletea kazi. Alimpa kaseti za michezo isiyotakiwa na mtu, na chipu mpya ambazo tayari alikuwa amezijaza gemu zinazotakiwa. Bi Lehemu alifungua ganda, akaing'oa chipu kuukuu kwa subira ya mtu anayemtoa mtoto mwiba, akaipandikiza mpya, akailehemu miguu yake mmoja mmoja kwenye bodi, akafunga, akabandika lebo. Jumamosi Zamani alipiga hodi, akachukua zilizo tayari, akaacha nyingine, akanywa chai, akalalamikia magoti yake, akaenda zake. Mlango ule haukuwa na hodi nyingine. Siku za katikati Bi Lehemu aliongea na redio, na redio, kama ilivyo desturi yake, haikumjibu.

Kila kaseti aliijaribu kwenye runinga yake ya kichogo. Gemu zenyewe hazikumvutia, lakini alijifunza kuruka mashimo na kukwepa wenye mikuki. Zile za watu wawili ndizo zilizomtesa. Mwanzoni alishika pedi moja ya kuchezea mikononi, ya pili akaiweka sakafuni na kuibonyeza kwa kidole gumba cha mguu. Mchezaji wa pili alichomoza, akasimama pale alipochomoza. Adui walimjia, wakampiga, akaanguka, akafufuka, akasimama tena palepale kama mtu aliyeahidiwa kufuatwa. Siku moja Bi Lehemu alizima runinga mchezo haujaisha. Tangu hapo alijaribu upande wa mtu mmoja tu, na pedi ya pili akaizungushia waya wake na kuifungia kabatini.

Jumamosi moja Zamani aliingia bila kuulizia chai.

"Mama, hii imerudi." Aliweka kaseti mezani. "Yule bwana anasema akicheza peke yake, safi kabisa. Mkewe akishika pedi ya pili tu, kioo kinaganda."

"Labda mkewe ana mkosi."

"Mama, nisikilize." Zamani hakucheka. "Hii ni gemu kubwa, ya kwanza kukupa, na nyuma yake kuna watu wanaozitaka kumi kama hii. Kuna jamaa anaweza kuniletea za kiwandani, zimeshafungwa, sina haja ya kumsumbua mtu. Mimi napenda zako. Lakini siwezi kuuza kitu kinachoganda."

"Sikukatai, mwanangu. Nipe mpaka Jumamosi."

Alipoondoka, kikombe alichokwisha kumwandalia kilibaki mezani kimefunikwa na kisahani. Bi Lehemu alikitazama, akajua kinachomtisha si kazi kwenda. Ni hodi.

Akaichokoa kaseti ile. Akaisafisha kwa spiriti, akabadilisha waya, akaipasha moto lehemu ambayo haikuhitaji kupashwa. Akaitoa pedi ya pili kabatini, na kila alipoibonyeza kioo kiliganda, mchezaji wa kwanza mguu mmoja hewani. Alikagua miguu ya chipu kwa lenzi, kutoka kushoto kwenda kulia, na kila mara macho yake yaliridhika. Kufika Jumatano alikuwa amekwisha kuwatukana waliobuni gemu na wazazi wao.

Alikuwepo mtu mmoja mjini aliyejua mkono wake kuliko yeye mwenyewe, na mtu huyo hakuwa akisema naye.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikaa naye ubavuni miaka yote waliyofanya kazi kiwanda cha redio, kulia kwake, kiti kwa kiti. Bodi ilitoka kwa Bi Lehemu ikaenda kwa wifi, na maneno yakafuata njia ileile: umbea, mafumbo, vicheko vya kumkera msimamizi. Kisha mume akaugua. Siku aliyokata roho hospitalini, wifi alikuwa amemshika mkono. Bi Lehemu alikuwa zamu ya ziada kiwandani. Msibani, mbele ya wanawake wote, wifi alimwambia: "Mkono wa kaka yangu ulipoa, wa kwako umeshika chuma cha moto." Kiwanda kilipofungwa, kila mmoja alishika njia yake, na wakikutana sokoni mmoja alikumbuka ghafla kwamba hajanunua chumvi.

Alhamisi asubuhi aliifunga kaseti kwenye leso, akaenda.

Wifi alikuwa kibarazani kwake anapinda mapazia ya watu kwa sindano. Amekonda. Hakuinuka.

"Hodi, wifi."

"Umeshaingia, hodi ya nini?"

"Za masiku?"

"Masiku gani? Tuseme miaka. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nina kaseti imenishinda."

Wifi alikata uzi kwa meno. "Bi Lehemu mzima! Mtaa mzima unakusifu, kumbe na wewe hushindwa?"

"Cheka basi, lakini nimeshindwa. Inaganda mtu wa pili akiingia. Na mimi mtu wa pili sina."

Hakukusudia kuisema hivyo. Ilitoka yenyewe, ikabaki kibarazani kati yao. Wifi alilikunja pazia, akalikunjua, akalikunja upya.

"Nina mapazia ya watu," alisema hatimaye. "Nenda."

Bi Lehemu akaenda. Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda, ingawa mitaa ni ileile.

Ijumaa, jua limeanza kulegea, mlango uligongwa mara moja, kwa nguvu, kama anayedai. Wifi aliingia na pochi yake kwapani, akazungusha macho chumbani: kitanda cha mtu mmoja, picha ya kaka yake ukutani, meza, viti viwili, cha pili kimejaa maganda ya kaseti.

"Hapa mtu anakaa wapi? Kichwani kwako?"

Bi Lehemu aliyaondoa maganda haraka hata mengine yakaanguka. Wifi akaketi. Alikuwa ameketi kulia, na wote wawili waliliona hilo wasilitaje.

Wakawasha. Bi Lehemu akashika pedi ya kwanza, wifi ya pili.

"Nibonyeze wapi?"

"Popote."

Wifi akabonyeza. Kioo kikaganda.

"Aa! Nimeiua?"

"Ilishakufa. Ndiyo kawaida yake."

"Fungua nione."

Bi Lehemu akatoa skrubu, akatenga ganda. Wifi akavaa miwani, akaisogeza bodi dirishani. Hakuchukua lenzi. Hakuchukua hata muda.

"Huu mguu wa pembeni hujaulehemu."

"Nimelehemu yote."

"Nipe pini." Akausukuma mguu wa mwisho wa kulia kwa ncha ya pini, nao ukatikisika kama jino la mtoto. "Umeegemea tu. Nyani haoni kundule."

Wifi alikwisha kunyoosha mkono kwenye kaseti nyingine zilizokuwa mezani wazi, zikingoja kufungwa. "Na huu." Akachukua nyingine. "Na huu. Wifi, na huu pia! Zote umeziacha mguu mmoja. Zilikuwaje zikafanya kazi?"

"Gemu zile ni ndogo," Bi Lehemu alisema polepole, kwa sababu alikuwa anaelewa huku anasema. "Mguu huo hufungua nusu ya pili ya chipu. Gemu ndogo haina haja nayo. Hii kubwa, mchezo wa watu wawili umewekwa huko."

Kule kiwandani Bi Lehemu alilehemu miguu yote ya chipu isipokuwa wa pembeni. Wa pembeni ulibeba waya wa spika, na waya wa spika ulikuwa kazi ya aliyekaa kulia. Miaka yote ile mkono wake ulifika pale ukasimama, ukaisukuma bodi upande, na mkono mwingine ukaipokea. Kiwanda kilifungwa, mume alizikwa, maneno yalikatika; mkono haukupewa habari. Uliendelea kusimama palepale. Hata macho yake, chini ya lenzi, yaliupita mguu ule kama mtu anavyopita mlango wa jirani.

"Mguu wangu huu," alisema wifi.

"Wako."

Wifi akashika chuma cha kulehemu. Akauegemeza mkono mezani. Lehemu ikayeyuka, ikang'aa, ikakaa. Aliendelea kukishika chuma hata baada ya kumaliza, akikitazama ncha.

"Kina moto kweli," alisema. Kisha, bila kugeuza uso: "Basi na mimi nimekishika."

Bi Lehemu aliinamia bodi iliyofuata, akamsogezea.

Wifi akamaliza zote. Wakaichomeka ile kubwa, na safari hii mchezaji wa pili alichomoza, akatembea. Alitembea vibaya. Alitumbukia shimoni, akamgonga mwenzake kwa rungu, akakimbilia upande wasikokwenda.

"Unanipiga mimi, wifi!"

"Nimesubiri miaka, acha nikupige."

Walicheka, si sana. Taa za barabarani zilipowaka wifi alichukua pochi. Mlangoni Bi Lehemu alimwuliza kama atakuja tena.

"Mimi nina mapazia," alijibu. "Na wewe una mikono miwili. Jifunze kumaliza kazi yako."

Akaenda, hakugeuka.

Jumamosi Zamani aliipokea kaseti, akafurahi, akaacha kazi ya zile kumi. Wiki nzima Bi Lehemu alizilehemu. Kwenye kila mguu wa pembeni mkono wake ulisimama, na sasa alijua kwa nini unasimama. Jumatatu hakuja mtu. Wala Jumanne, wala siku zilizofuata.

Jumamosi iliyofuata Zamani alikuta bodi kumi zimepangwa mezani, maganda yako wazi. Akataka kuketi.

"Kaa kitandani, mwanangu. Kiti hicho kina mwenyewe."

Zamani akakaa kitandani. "Haziko tayari, mama?"

"Bado mguu mmoja."

"Kwenye ipi?"

"Kwenye zote."

Akazitazama, akamtazama yeye. "Mguu mmoja mmoja? Si umalizie tu, mimi nangoja hapa? Watu wananidai."

"Ungekuwa wangu ningemaliza."

Zamani alikuna kichwa, akanywa chai yake, akasema atapita Jumatatu, na kwamba Jumatatu ni Jumatatu kweli. Bi Lehemu akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akarudi kwenye kiti chake cha kushoto, akasikiliza nyayo za wapita njia moja baada ya nyingine, na chuma hakukizima.