Glukosi ya Wageni

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Jumapili. Susu, nyanya yangu, alikuwa amekaa nje ya nyumba yake kule Kathiani kwenye kiti cha plastiki, mguu wa kushoto ameuweka juu ya kigoda, umefungwa bendeji hadi kwenye kifundo. Mimi na baba mdogo Kioko tulikuwa tumesimama, mmoja huku na mwingine kule, tukibishana juu ya kichwa chake kama watu wanaogombea mpaka wa shamba.

Lakini kwanza nikueleze kwa nini nakuita mwanangu, maana najua unacheka. Sina mvi hata moja. Wewe ni mtoto wa kaka yangu, hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba nilipewa jina la babu, Mutua, na ndiyo maana hata baba yangu mzazi huniita Nau, yaani baba. Mila ilinipa uzee kabla ya miaka. Mambo ya namna hiyo mimi huyatilia shaka, unanijua. Lakini baba aliposema, "Mwende anaenda kusomea uuguzi, wa kumwambia neno ni Nau," sikubisha, kwa sababu neno ninalo, nami nililipata kwa Susu.

Susu aliigeuza mila hiyo kuwa mchezo. Kwa kuwa nina jina la mumewe, basi mimi ni mumewe. Nikifika bila kitu husema, "Mume wangu amekuja mikono mitupu, kumbe huko mjini ana mke mwingine." Majirani hucheka, nami hucheka nao.

Mwaka huo kicheko kilipungua. Kiatu kilimtoa lengelenge kwenye kidole gumba cha mguu, lengelenge likawa kidonda, kidonda kikakataa kupona. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa muda mrefu. Daktari wa kituo chetu cha afya, dada mmoja mpole lakini asiyezunguka maneno, alituambia wazi: sukari isiposhuka, kidonda hakitafunga, na kisipofunga mguu utakatwa. Akaongeza vidonge. Sukari haikushuka. Akaanzisha sindano ya insulini. Haikushuka. Akaongeza dozi. Kila tuliporudi, kipimo kilionyesha sukari iko juu, na Susu aliapa kwamba anatumia dawa kama alivyoambiwa. Na kweli alikuwa akizitumia. Mimi mwenyewe nilimwona.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya takwimu, na kichwa kilichojaa maswali. Nilimuuliza daktari kama mashine yake ya kupimia ni nzima. Hakukasirika. Alinishika mkono, akanidunga kidole, akaitazama mashine.

"Wewe uko sawa," akasema. "Sasa mashine ni mbaya kwa Susu peke yake?"

Hata hivyo nilimpeleka Susu mjini Machakos akapimwe upya. Tukalipa, tukapata jibu lile lile. Nikashuku insulini, kwamba huenda iliharibika kwa joto njiani. Nikasoma makala kwenye simu usiku na mchana. Watu husema kuuliza si ujinga, na mimi niliiamini methali hiyo kuliko zote. Haikunijia kwamba mtu anaweza kuuliza sana na bado akawa mjinga, kwa sababu tu ya kuchagua wa kumuuliza.

Baba mdogo Kioko naye alikuwa na jibu lake: tuuze kipande cha shamba cha Yatta, tumpeleke Susu hospitali kubwa Nairobi.

"Huko watamfanyia nini ambacho hapa hakifanyiki?" nilimuuliza Jumapili hiyo.

"Wako na mashine."

"Mashine ya kufanya nini?"

"Aa! Si nyinyi wa chuo mnajua kila kitu?" akasema. "Unataka watu wa hapa waseme Kioko aliacha mama yake akatwe mguu kwa sababu ya shamba?"

Hapo ndipo tulipokuwa. Yeye akipima upendo kwa ukubwa wa hospitali, nami nikipima akili kwa wingi wa maswali. Mwenye mguu alikuwa katikati yetu, akivunja maganda ya mbaazi.

"Kioko, nyamaza," Susu akasema. "Na wewe mume wangu, nyamaza pia." Akaweka sufuria chini. "Umeuliza daktari. Umeuliza mashine. Umeuliza hiyo simu mpaka chaji ikaisha. Mimi hujaniuliza kitu. Ni mume gani huyo, hajui hata mke wake amekula nini?"

Baba mdogo alicheka kwa nguvu, akafurahi kuona nimepigwa. Nami, ili nisishindwe mchezo, nikapiga goti moja mbele ya kile kiti.

"Haya, mke wangu. Umekula nini leo?"

Akanihesabia: uji wa wimbi bila sukari, muthokoi kidogo wa mahindi yaliyokobolewa, chai ya rangi bila sukari. "Sukari niliacha. Daktari alikataza."

"Na kingine?"

"Hakuna." Akafikiri. "Labda ile dawa ya wageni."

"Dawa gani ya wageni?"

Akanionyesha mlango kwa kidevu. Niliingia ndani. Kando ya kitanda kulikuwa na karai lililojaa pakiti za glukosi, na nyuma yake chupa za sharubati zimepangwa ukutani, za machungwa, za maembe, kama rafu ya duka. Wewe umekulia huku, unajua desturi yetu: mgonjwa haendewi mikono mitupu. Na mgonjwa anapelekewa nini? Glukosi, apate nguvu.

Nilitoka nikiwa na pakiti mkononi. "Susu, hii ni sukari!"

"Si sukari. Ni glukosi," akasema, akinishangaa. "Inauzwa duka la dawa. Na hospitali waliniambia nikitetemeka nikunywe."

Ni kweli waliwahi kumwambia hivyo, siku moja ambayo sukari ilishuka ghafla. Kwa hiyo hakuwa amemficha mtu lolote. Aliulizwa, "Unatumia sukari?" akajibu hapana, na moyoni mwake lilikuwa jibu la kweli kabisa.

Papo hapo tulisikia wimbo langoni. Kina mama wa kanisani walikuwa wamekuja kumwombea, wakiongozwa na Mama Ndunge, mwanamke mnene mwenye sauti inayovuka bonde. Waliketi, wakaomba, kisha Mama Ndunge akatoa pakiti mpya kwenye kikapu, akaomba kikombe, akakoroga.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Niliitazama methali hiyo ikikorogwa kwa kijiko. Niliinua mkono nikinyakue kile kikombe na kuwapa hotuba, na nadhani ingekuwa hotuba nzuri. Susu akanivuta shati, akaninong'oneza kwa Kikamba, nami nakuandikia kwa Kiswahili: "Ukimwaibisha Ndunge mbele ya wenzake, hakuna atakayekanyaga hapa tena. Na hawa wakiacha kuja, mimi nitakufa na mguu wangu mzima."

Kisha akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akamshukuru mgeni, akakiweka kando ya kigoda. "Nitakunywa kikipoa," akasema. Kinywaji chenyewe kilikuwa baridi. Mama Ndunge alikitazama, akamtazama Susu.

Walipoaga, nikamsindikiza Mama Ndunge hadi langoni, nikamweleza polepole kile daktari alichosema kuhusu mguu, na kile glukosi inachofanya. Alishika kichwa.

"Ngai! Kumbe tulikuwa tunamuua na Biblia mkononi?"

"Hamkujua, mama. Hata sisi tuliokaa naye hatukujua."

"Sasa tukuje namna gani? Mikono mitupu kama wachawi?"

Yeye ndiye aliyelipata jibu, akiwa ameshika mlingoti wa lango. Wangeleta kunde, wangeleta ndengu na mayai. Na siku za kusafisha kidonda, mmoja wao angempeleka Susu kituoni, badala ya kumngojea baba mdogo ambaye mara nyingi hakuwepo. Alisema angewaambia wenzake kwamba wazo ni lake, ili pasiwe na wa kuona haya. Nilimwambia ni kweli, wazo ni lake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa daktari na pakiti mfukoni. Aliigeuzageuza mezani kwa muda.

"Nilimuuliza sukari, akaniambia hatumii," akasema. "Na hakunidanganya." Kisha akashtuka. "Mlete leo leo. Akiacha hii nami nimwachie dozi ile kubwa, sukari itashuka imwangushe."

Akaipunguza dozi, na akaendelea kuipunguza kadiri vipimo vilivyoshuka. Dawa tulizokuwa tukinunua ili zipigane na glukosi ya wageni, tukaacha kuzinunua. Siku hizi ukienda kituoni kwake, mgonjwa wa sukari anaulizwa jambo ambalo zamani halikuulizwa: nani alikutembelea, na alikuja na nini? Swali hilo halihitaji umeme wala mashine.

Sitakudanganya kwamba yote yaliisha vizuri. Kidole kilikatwa, kwa kuwa tulikuwa tumechelewa. Mguu ulibaki. Baba mdogo mpaka leo anashikilia kwamba Nairobi wangeokoa hata kidole, na huenda ni kweli. Sina la kumpinga nalo. Hospitali kubwa zina kazi yake, na anayehitaji upasuaji usimpe kunde. Lakini shamba la Yatta lingeuzwa, Susu angelazwa kwenye kitanda kizuri, na wageni wangepanda gari kumfuata na vikapu vyao.

Alipopona nilimuuliza alichokuwa akikitaka wakati ule tulipokuwa tukibishana juu yake. Nilidhani atasema uhai. "Nilitaka kushuka mwenyewe mpaka mtaro wa chini shambani, nichume kunde zangu bila kushikwa mkono," akasema. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amejua hilo. Siku hizi hushuka, na fimbo yake, akiwatukana mbuzi wa jirani.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Utafundishwa kupima, na upime vizuri. Utafundishwa dawa, zijue. Lakini kabla hujaongeza dozi, kabla hujaagiza kipimo cha pili au kumtuma mtu aende akauze alicho nacho, vuta kiti ukae, umuulize mgonjwa siku yake inavyokwenda tangu anapoamka, anakula nini na nani, na anataka apone ili afanye nini. Kisha ngoja jibu. Akishajibu, muulize, "Na kingine?" Kwa Susu, mguu wote ulikuwa umefichwa nyuma ya swali hilo dogo. Wahenga walisema rahisi ghali. Walisema mengi, na si yote ya kumeza bila kutafuna. Mimi nimeona ghali isiyofaa kitu, na nimeona cha bure kikiokoa mguu. Na usiwafukuze wanaompenda mgonjwa kwa sababu wamekosea. Wape la kubeba.

Kabla hujaondoka, pitia kwa Susu umuage. Atakutemea mate kidogo kiganjani akubariki, nawe usijipanguse. Mimi mwenye shaka sikujipangusa. Baraka yangu naiongeza juu ya yake: Mungu akupe mikono isiyo na haraka na sikio lisilochoka. Na wagonjwa wako, Mwende, warudi kwao kwa miguu yao wenyewe.